Mchezo, Kitafunio na Siha ya Mtoto katika Historia ya Kilosa na Mikumi

Wanaoandika juu ya utamaduni wa taifa letu aghalabu huanza na ngoma, jando na unyago, na enzi za machifu. Mambo hayo yana fahari yake, na hapana ubaya kuyaandika. Lakini sehemu kubwa ya utamaduni wa watu hukaa katika mambo madogo ambayo hayapigiwi ngoma: mama ampe mtoto nini wakati uji wa asubuhi umekwisha tumboni na ugali wa mchana haujasongwa, amruhusu acheze wapi, na mpaka saa ngapi, na jioni mtoto akipata joto la mwili, aanzie kwa nani. Makala haya yanahusu mambo hayo matatu, yaani kitafunio, mchezo na siha, kama yalivyoamuliwa na wazazi wa Kilosa na Mikumi tangu siku za misafara hadi leo. Hoja yetu ni kwamba hapo kale mambo hayo yalikuwa jambo moja, ambalo mtoto alilitimiza kwa miguu yake mwenyewe. Na kwamba historia ya sehemu hizi, hatua kwa hatua, ndiyo iliyoyatenganisha na kuyaweka mikononi mwa mzazi, ambaye sasa hana budi kuyachagua na kuyalipia moja moja.

Kilosa imo katika Mkoa wa Morogoro, pale ambapo Mto Mkondoa hutoka katika milima ya Usagara na kuingia katika tambarare ya Mkata. Kaskazini wako Wakaguru, katikati Wasagara, na kusini, katika milima ya upande wa Kidodi, wako Wavidunda. Wote hawa, kama walivyo jirani zao Waluguru, huhesabu ukoo kwa upande wa mama, hivi kwamba mjomba alikuwa na sauti kubwa katika habari za mtoto, na hasa katika habari za ugonjwa wake. Mikumi iko kusini mwa Kilosa, ukingoni mwa tambarare hiyo hiyo. Jina lake limetokana na miti ya mikumi, ambayo watu wa mwambao huiita mivumo: mti mrefu wa jamaa ya mnazi, wenye majani yaliyokunjuka kama kipepeo cha kuchochea moto na matunda makubwa ya rangi ya manjano. Njiani kutoka Kilosa kwenda Mikumi kuna mahali paitwapo Ulaya, na msomaji asidhani kwamba tunafanya mzaha.

Katika uchumi wa kale wa Usagara, mtoto wa miaka sita au saba alikuwa na kazi, na kazi hiyo ilikuwa pia mchezo wake. Mtama ulipoanza kupevuka, watoto walipelekwa shambani kuamia ndege. Walijengewa dungu, wakapewa kombeo, wakaachwa huko tangu alfajiri hadi jua kuzama. Kutwa walipiga kelele, walirusha mawe, walishindana nani atatupa mbali zaidi. Na ndege waliopigwa walibanikwa pale pale juu ya makaa. Nyama ile haikuingia katika hesabu ya chungu cha nyumbani. Mama hakuigawa, na pengine hakuiona kabisa. Kadhalika bua tamu la mtama lilitafunwa kwa utamu wake, na ganda lililobaki pamoja na moyo wake mwepesi vikatengenezwa ng'ombe, kitanda, na katika siku za baadaye gari lenye magurudumu. Gunzi la mahindi lilivikwa kitambaa likawa mwana wa kubebwa mgongoni. Je, mtoto aliyeshika bua lile alikuwa anakula au anacheza? Swali hilo lisingekuwa na maana kwa mzee wa wakati ule.

Majira nayo yalikuwa na vitafunio vyake. Masika yalileta kumbikumbi, waliokamatwa kwa shangwe kubwa na kukaangwa bila mafuta, kwa kuwa mafuta wanayo wenyewe. Kiangazi kilileta ubuyu na ukwaju, na furu nyeusi zinazoacha weusi mdomoni hata mama asihitaji kuuliza mtoto alikuwa wapi. Tunda la mkumi lilipoanguka, watoto waliliwahi kabla ya tembo, wakafyonza nyama yake yenye nyuzi nyingi. Wataalamu wa lishe wametuambia baadaye kwamba unga wa ubuyu una vitamini C nyingi kuliko chungwa la uzito ule ule. Wazazi wa Kilosa hawakuwa na habari ya vitamini, na hawakuhitaji kuwa nayo, maana hakuna aliyekaa chini akaamua kumpa mtoto ubuyu. Mtoto aliupanda mti, au aliurushia rungu.

Elimu ya jambo hili yastahili kuangaliwa. Ujuzi wa kutofautisha tunda jema na tunda la sumu haukutolewa sana na mzazi. Ulipita kutoka kwa mtoto wa miaka tisa kwenda kwa mtoto wa miaka sita, porini, katikati ya mchezo. Na mara nyingi yule wa miaka tisa alikuwa msichana mwenye mtoto mwingine mgongoni, mdogo wake wa kunyonya, ambaye mama alimwachia alipokwenda kulima. Msichana huyu mlezi alicheza mdako huku amembeba: alichimba kishimo, akatia vijiwe, akarusha kimoja hewani na kuvizoa vingine kabla hakijatua, na kitoto mgongoni kikayumba kwa mwendo wa mkono wake. Mama aliporudi hakuuliza mtoto amekula nini. Aliuliza, amecheza? Swali hilo lilikuwa na hekima kubwa ya utabibu. Mpaka leo, katika lugha ya akina mama wetu, habari ya kwanza ya ugonjwa wa mtoto si joto wala kikohozi. Ni kwamba mtoto hachezi.

Isidhaniwe hata kidogo kwamba tunausifu wakati ule kama bustani. Watoto walikufa kwa wingi. Ndui ilifuata njia za misafara, na surua ikarudi kila baada ya miaka. Kulikuwa na funza pia. Mdudu huyu hakuwa mwenyeji wa Afrika: alifika Angola kwa meli kutoka Amerika ya Kusini mnamo mwaka 1872, akalivuka bara lote katika nyayo za wapagazi, na katika miaka ya 1890 alikwisha kuufikia mwambao wetu. Bonde la Mkondoa, ambalo lilikuwa njia ya misafara kati ya pwani na bara, halikuweza kumkwepa. Ndipo ilipozuka kazi mpya ya jioni: mama kumlaza mtoto miguu ikielekea kwenye moto, na kumchokonoa funza kwa mwiba au sindano. Aliyepuuzwa kwa majuma machache alishindwa kukimbia na wenziwe, na mtoto asiyekimbia hakufika kwenye furu wala kwenye dungu. Hivyo mdudu mdogo kama huyu aliweza kumnyima mtoto mchezo na chakula kwa mara moja.

Hatari nyingine ilikuwa na jina ambalo bado lina nguvu: kubemenda. Mtoto aliyebemendwa ni yule anayenyonya ambaye wazazi wake wameuvunja mwiko wa kujitenga, au ambaye mama yake ameshika mimba kabla hajafikia umri wa kuachishwa. Dalili zake zilijulikana kwa kila mwanamke. Mtoto hukonda au huvimba miguu, nywele huwa laini na nyekundu, hununa, hukaa mahali pamoja, wala mchezo haumvuti tena. Yatosha kulinganisha dalili hizi na maandishi ya daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi katika Ghana ya leo, ambaye mwaka 1933 aliueleza ugonjwa huo huo, na mwaka 1935 akaupa katika vitabu vya tiba jina la kwashiorkor. Jina hilo ni la lugha ya Waga wa Accra, na maana yake ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa ziwani kwa sababu ya mdogo wake. Watu wa pwani ya magharibi ya Afrika na watu wa milima ya Usagara, ambao hawakupata kuonana, walikuwa wameona jambo moja: kwamba mimba ya pili ikija upesi, mtoto wa kwanza huumia.

Walichotofautiana na daktari ni sababu. Daktari alisema kwamba mtoto amekosa chakula cha kumfaa badala ya maziwa. Mila ilisema kwamba wazazi wamekosa adabu. Mila ile ilileta faida moja isiyokanushika, nayo ni kuwafanya watu wapishanishe uzazi kwa miaka miwili hata mitatu. Lakini ilileta pia hasara iliyo kubwa. Mama ambaye mtoto wake amekonda kwa njaa tu, katika mwaka wa njaa, alionekana mwenye hatia. Alimficha ndani. Mtoto aliyefichwa ndani aliwakosa wenziwe wa kumchumia tunda, na hakuna aliyemwona mapema ili aseme kwamba anahitaji uji mzito zaidi wenye karanga. Kwa maoni ya mwandishi, aibu hii imeua watoto wengi kuliko ukosefu wa maarifa. Ujuzi wa dalili ulikuwapo. Kilichokosekana ni ruhusa ya kuzitamka.

Mabadiliko makubwa yaliingia na ukoloni. Mwezi Novemba 1884, Karl Peters alifika Usagara na kupata kwa hila mikataba ya machifu, akiwamo Mangungo wa Msovero, ambaye jina lake kila mwanafunzi wa Tanzania analijua. Mwaka 1905 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Dar es Salaam; mwaka 1907 ilifika Morogoro, ikapita Kilosa, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Ardhi nzuri iliyokuwa karibu na reli, hasa upande wa Kimamba na Rudewa, ikapandwa mkonge, zao ambalo Richard Hindorf alikuwa amelileta nchini mwaka 1893. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliirithi kazi hiyo na kuiendeleza, na mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, chombo cha kuwakusanya vibarua kutoka mbali. Manamba wakaja kutoka pande zote za nchi.

Katika kambi za manamba malezi yalibadilika pasipo mtu kuamua. Kwanza, chakula kilikuwa posho: unga wa mahindi uliopimwa, pamoja na maharage. Mtama na ulezi, vilivyotoa uji wa watoto tangu zamani, havikuwamo katika posho. Pili, bibi na mjomba hawakuwako. Mama aliyejifungua kambini alimlea mwanawe kati ya majirani ambao hakujua lugha zao wala miiko yao. Tatu, shamba la mkonge halina kitafunio. Mtu aweza kutembea saa nzima katikati ya mistari ile ya miiba asione tunda moja la kuokota. Kitafunio cha mtoto wa kambini kilitoka dukani kwa Mhindi: kipande cha sukari guru, au biskuti. Hapa, kwa mara ya kwanza katika sehemu hizi, mchezo na kitafunio viliachana. Kimoja kilihitaji miguu na kingine kilihitaji senti.

Hata hivyo watoto hawakukosa cha kufanya. Mabaki ya katani yalifunga mipira ya matambara, na miti myepesi ya maua ya mkonge ilisimamishwa kuwa magoli. Tena, mtoto wa Mnyamwezi, wa Mbena na wa Mmakonde walipotaka kucheza kombolela pamoja, iliwabidi wapate lugha moja ya kuhesabia na kushitakiana. Vitabu vyetu husema kwamba Kiswahili kilienezwa na misafara, shule, na baadaye siasa ya kupigania uhuru. Ni kweli. Lakini uwanja wa nyuma ya kambi nao haufai kusahauliwa.

Baada ya Uhuru, matukio manne yaliyotokea katika muda wa miaka 15 hivi yaliubadilisha ulimwengu wa mtoto wa Kilosa na Mikumi kuliko miaka 50 iliyotangulia. La kwanza ni Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kupanuliwa mwaka 1975, na ambayo sasa ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230. Faida yake kwa taifa inajulikana. Lakini mikumi mingi, na mibuyu, imebaki ndani ya mpaka ambao mtoto haruhusiwi kuuvuka kwenda kuchuma. Na tembo, ambaye zamani alishindana naye juu ya tunda, sasa ndiye mwenye haki nalo kwa sheria.

La pili ni kampeni za afya. Mwaka 1973 redio ilitangaza masomo ya Mtu ni Afya, na watu wanaokadiriwa kuwa milioni mbili nchini walikaa katika vikundi kuyasikiliza, kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Mwaka huo huo Bunge lilitunga sheria ya kuanzisha Taasisi ya Chakula na Lishe, na mwaka 1975 ikaja kampeni ya Chakula ni Uhai. Mwaka huo pia mpango wa chanjo kwa watoto ulianza. Wakati huo ndipo mama wa Kilosa alipozoea kwenda kliniki na mwana mgongoni, kumtundika katika mzani, na kuiona nukta ikitiwa katika kadi. Kadi ile ilifanya jambo ambalo mila haikuweza: ilimruhusu mtu kusema kwamba mtoto amekonda bila kusema kwamba wazazi wamekosa adabu.

La tatu ni vijiji. Amri ya mwaka 1973, kwamba ifikapo mwisho wa 1976 wananchi wote wawe wanaishi vijijini, iliwahamisha watu kutoka katika maboma yao yaliyotawanyika. Shule, kisima na zahanati vilisogea karibu. Lakini miembe, mikwaju na mipera ilibaki katika mahame. Mti wa matunda haupakiwi katika lori. Kwa miaka kadhaa watoto walirudi mahameni wakati wa maembe, mwendo wa saa moja au mbili, mpaka njia zikafunikwa na nyasi. Na miche iliyopandwa vijijini ilihitaji miaka yake ya kukua. Kwa upande wa mchezo, kijiji kilikuwa neema. Palipokuwa na watoto wanne sasa palikuwa na 40, na chandimu ikapata timu mbili kamili na watazamaji.

La nne, ambalo halitajwi sana katika habari za afya, ni Elimu ya Msingi kwa Wote, iliyoanza kutekelezwa mwaka 1977. Msichana wa miaka tisa alikwenda shule. Haki yake hiyo haina mjadala. Lakini msomaji atakumbuka kwamba mgongoni mwake palikuwa na mtoto. Mama aliyekuwa na mlezi sasa hakuwa naye. Alimchukua mchanga shambani, akamlaza chini ya mti, au alimwacha na bibi mzee aliyeweza kumlisha lakini asiweze kumfuata mbio. Umoja wa Wanawake ulihimiza vituo vya kulelea watoto wadogo vijijini, na vingine vilifanya kazi njema. Havikutosha. Na wale waliokwenda shule waliacha nyuma yao pori, pamoja na darasa lile la matunda lililofundishwa na watoto kwa watoto. Nafasi yake ilichukuliwa na mapumziko ya saa nne, na kando ya uwanja wa shule akakaa mama mwenye beseni la maandazi.

Biashara ya vitafunio ina historia yake hapa, kwa sababu Kilosa ni stesheni na Mikumi ni kituo cha barabara. Treni ya Reli ya Kati ilipokuwa ikisimama Kilosa, wanawake na watoto waliinua vikapu hadi madirishani: ndizi, miwa iliyokatwa, mahindi ya kuchoma, karanga. Barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia ilipotiwa lami, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mikumi nayo ikawa mahali pa mabasi kusimama ili abiria wale. Ukitaka kuelewa uamuzi mgumu wa mzazi wa sehemu hizi, tazama yai. Katika makabila mengi ya nchi yetu mtoto alikatazwa yai. Wengine walisema atakuwa mwizi, wengine wakatoa sababu nyingine. Wauguzi walipambana na mwiko huo kwa miaka mingi, na kwa kweli waliushinda. Lakini mahali ambapo basi husimama, yai lililochemshwa lina bei. Mama mwenye kuku watano na watoto watatu analishika yai mkononi, naye anajua kabisa kwamba lingemfaa yule mdogo anayeanza kula. Anajua pia kwamba mayai manne yanatoa daftari na sabuni. Watu wa afya humwita mama huyu mjinga, asiyejua lishe. Mwandishi haoni ujinga hapo. Anaona hesabu, na hesabu yenyewe imefanywa sawasawa. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kuwachukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma kupitia Kilosa. Madirisha yake hayafunguliwi, wala haina muda wa kungojea vikapu. Yamkini baadhi ya ndizi zitarudi nyumbani.

Kusini zaidi, kuelekea Ruaha na Kidatu, kitafunio kimekuwa muwa. Kiwanda cha sukari cha Kilombero kilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na katika miaka ya 1970 kikaongezwa cha pili upande wa Ruembe, wilayani Kilosa. Matrekta yaliyojaa miwa hupita karibu na nyumba, na watoto huyafuata ili kuvuta bua lililojitokeza. Ni mchezo, ni kitafunio, tena ni ajali inayongojea siku. Hapa umoja wa kale tuliousema umerudi, lakini umerudi chini ya magurudumu.

Tumesema kidogo juu ya homa, nasi hatuwezi kuipita. Kilosa ni nchi ya mbu. Stanley, alipoivuka tambarare ya Mkata katika masika ya mwaka 1871, aliielezea kama nchi ya matope na magonjwa, na katika hili hakutia chumvi. Homa ya malaria inapompanda mtoto kichwani humletea degedege, na degedege, kwa macho ya wazee, si homa. Ni jambo lililokuja kwa ndege au kwa upepo mbaya, na dawa yake iko kwa mganga. Wengi waliamini kwamba mtoto mwenye degedege akidungwa sindano atakufa. Kwa hiyo uamuzi wa mama haukuwa kati ya hospitali na mganga kama watu wa mjini wanavyodhani. Ulikuwa juu ya nani awe wa kwanza, na saa chache zilizopotea katika mpango huo ndizo zilizokuwa uhai wenyewe. Akina mama wengi walifanya yote mawili usiku mmoja. Walimkanda kwa maji, wakamfukiza, na alfajiri wakamfikisha zahanati. Ukoo wa kuukeni uliongeza jambo lake: mama alisubiri pia neno la mjomba. Wakati huo huo dawa yenyewe ilikuwa ikibadilika. Klorokwini, ile chungu ambayo watoto waliitema, iliondolewa kuwa dawa ya kwanza mwaka 2001 kwa sababu vimelea vilikwisha kuizoea. SP ikashika nafasi yake, na tangu mwishoni mwa 2006 ikafuata dawa mseto. Mzazi aliyezaa watoto wanne kati ya 1998 na 2008 alifundishwa dawa tatu. Asilaumiwe akichanganyikiwa.

Maji nayo yana habari mbili. Mwaka 1915 Robert Leiper, akichunguza huko Misri, alithibitisha kwamba kichocho hupita katika konokono wa majini kabla ya kumwingia mtu kwenye ngozi. Katika sehemu nyingi za Afrika damu katika mkojo wa mvulana ilidhaniwa kuwa dalili ya kukua, na wenziwe walimwonea fahari. Vijito, madimbwi na mifereji ya mpunga ni uwanja wa mchezo usio na mfano wakati wa jua la saa saba, na mzazi anayewakataza watoto maji hayo hana budi kuwaonyesha mengine. Hapo ndipo ushauri mwingi wa afya ulipokwama. Kuwapa watoto dawa shuleni, kama ilivyofanywa tangu miaka ya 2000, kumesaidia kuliko makatazo. Habari ya pili ni mafuriko. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010 Mkondoa ulivunja kingo zake, ukaingia mjini Kilosa, ukaikata reli, na maelfu ya watu wakahamia katika mahema. Familia ziliishi huko muda mrefu, kwa chakula cha msaada, na watoto waligeuza nafasi kati ya hema na hema kuwa viwanja vya rede.

Tukitazama hesabu, hatuwezi kutamani kurudi nyuma. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai nchini, kiasi cha 160 hawakufikisha mwaka mmoja. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha 33. Chanjo, chandarua, kisima na kadi ya kliniki ndivyo vilivyofanya kazi hiyo. Lakini uchunguzi huo huo wa 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na Morogoro, mkoa wenye mpunga, mahindi, ndizi na miwa, haukusalimika. Watoto wetu sasa wanaishi, na wengi wao hawakui inavyopasa. Chakula cha chungu hakijapungua kuliko zamani. Kilichopungua ni kile ambacho hakikupata kuingia chunguni: ndege wa kwenye dungu, kumbikumbi, furu, ukwaju, yai la kuokota. Hakuna aliyekihesabu kilipokuwapo, kwa hiyo hakuna aliyekilipia kilipoondoka.

Leo, nje ya uwanja wa shule, Mikumi kama Kilosa, saa nne ikigonga, watoto hukimbilia beseni na meza. Kuna maandazi, mihogo ya kukaanga, barafu za rangi, pipi, na ubuyu. Ubuyu huu umepikwa kwa sukari na kutiwa rangi nyekundu inayobaki vidoleni, ukafungwa katika vipakiti vidogo. Pengine umesafiri kutoka mbali, ilhali mibuyu imesimama karibu, ndani ya mpaka wa hifadhi. Mtoto anauliza bei. Mama yake alimpa sarafu asubuhi, akiwa amechagua kati ya hiyo na kumwamsha mapema zaidi ili anywe uji. Kengele ya pili ikilia, wasichana wawili huwa wamekwisha kuchimba kishimo karibu na ukuta, na mbegu za ubuyu zilizokwisha kumung'unywa ndizo wanazochezea mdako.